Mpira Mfupi wa Maji: Sehemu ya Historia ya Motokaa Katika Nchi ya Kilimanjaro

Katika historia ya motokaa za Afrika Mashariki hutajwa sana barabara, daraja na madereva walioshinda mashindano. Mara chache hutajwa kitu kidogo ambacho bila yake motokaa haikuweza kufika popote. Kitu hicho ni mpira wa maji usiozidi urefu wa kidole cha mtu mzima, uliofichwa kati ya pampu na kichwa cha injini katika motokaa ndogo za Kiingereza zilizoingia nchini kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili. Mpira huo ulipopasuka, safari ilikwisha. Ulipochakaa, mtu wa kuubadilisha alihitaji mkono mwembamba, akili iliyotulia na subira nyingi. Habari zake ni habari za namna mafundi wa Moshi na jirani zake walivyoitawala mashine iliyobuniwa katika nchi ya baridi, wakaifanya ipande mlima ulio mkubwa kuliko yote ya Afrika.

Yafaa kwanza kuitazama nchi yenyewe. Mji wa Moshi umekaa penye kimo cha mita 800 hadi 900 hivi juu ya bahari. Upande wa mashariki barabara yapita katika uwanda wenye joto na vumbi hata Himo, Holili na Taveta. Upande wa kaskazini nchi yapanda upesi kupitia migomba na mibuni ya Machame, Kibosho, Kilema na Marangu mpaka msituni, na juu ya msitu kimesimama kilele cha Kibo, mita 5,895. Mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Moshi hadi Marangu humtoa msafiri katika jasho la uwanda na kumfikisha penye ubaridi wa kutaka sweta.

Mabadiliko hayo ni raha kwa mwanadamu, lakini ni mtihani kwa injini. Maji yanayochemka kwa digrii 100 pwani huchemka kwa digrii 97 hivi mjini Moshi, na kwa digrii 94 hivi karibu na lango la msitu juu ya Marangu, penye mita 1,800 na zaidi. Basi motokaa ipandayo mlima hufanya kazi nzito kupita zote palepale ambapo maji yake yako tayari kuchemka mapema. Hupanda kwa gia ya kwanza au ya pili. Mwendo wake ni mdogo, na upepo uingiao katika rejeta ni haba. Dereva aliyezoea nchi hii hakuuliza tu kama petroli inatosha. Aliuliza kwanza habari za maji.

Motokaa zilifika baada ya garimoshi. Reli iliyoanza Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, katika utawala wa Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoleta motokaa nyingi kwa mara moja. Mwezi wa Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipita katika pengo la Taveta, kati ya mlima na vilima vya Upare, baada ya mapigano makali ya Latema na Reata, yakaingia Moshi. Malori na motokaa ziliyafuata kwa kubeba chakula, risasi na majeruhi. Mvua za masika zilipoanza, magurudumu yakazama katika udongo, na mzigo ukarudi vichwani mwa wapagazi.

Injini za zama zile zilikuwa nyepesi kueleweka. Katika Ford ya Model T, iliyojulikana duniani kote, hapakuwa na pampu ya maji isipokuwa katika zile za mwanzo kabisa. Maji yaliyopata moto yalipanda yenyewe, yakaingia sehemu ya juu ya rejeta, yakapoa, yakashuka, yakarudi katika injini kwa chini. Mipira minene iliunganisha rejeta na injini, nayo ilikuwa wazi mbele ya macho ya kila mtu. Udhaifu wake ulikuwa mmoja mkubwa: maji yakipungua chini ya mdomo wa bomba la juu, mzunguko hukatika. Dawa yake ilikuwa kuongeza maji, na mtu yeyote mwenye kata aliweza kuitoa.

Kilimo cha kahawa kiliizidisha kazi ya barabara za mlimani. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga waliunda chama chao cha kupanda na kuuza kahawa, na mwaka 1933 chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, kilichojulikana kwa herufi zake KNCU, kikaandikishwa. Gunia la kahawa lilipaswa kushuka kutoka kihambani hata mjini, na bidhaa za dukani zilipaswa kupanda. Katika malori ya kazi hiyo, kama katika malori ya nchi nzima, turniboi alipata cheo chake. Yeye ndiye aliyekalia mizigo, aliyetia gogo nyuma ya gurudumu lori liliposimama mlimani, na aliyetunza debe la maji. Lori lilipochemsha, dereva alikaa kivulini. Turniboi ndiye aliyekwenda kuteka, na ndiye aliyefungua kizibo cha rejeta kwa kitambaa kilicholowa, uso wake ukiwa umegeuzwa pembeni.

Maji yenyewe hayakuwa mbali. Wachaga walikuwa na mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa tangu kabla ya utawala wa kigeni, iletayo maji ya mito ya msituni hata vihambani. Kila mfongo una wenyewe. Una zamu za kupata maji na siku za kazi ya pamoja, na aliyekosa kazi hutozwa faini. Mahali pa hatari katika mfongo ni kinywa chake kilichoko juu msituni, na zile sehemu zipitazo ukingoni mwa korongo. Pakibomoka pale, vihamba vyote vya chini hukauka, ijapokuwa palipobomoka ni padogo na mwenye kihamba cha chini hapaoni. Watu waliolelewa katika sheria hiyo hawakuhitaji kufundishwa kwamba maji ya kazi hukatika mara nyingi mahali pasipoonekana. Somo hilo lilikuwa karibu kupata matumizi mapya.

Mwaka 1951 kampuni ya Austin ilitoa motokaa ndogo ya A30 yenye injini mpya iliyoitwa A-Series. Mwaka uliofuata Austin na Morris zikaungana, na injini hiyo ikatiwa katika Morris Minor. Mwaka 1956 ilikuzwa ikafikia sentimita za ujazo 948. Mwezi wa Mei 1958 ikaonekana katika motokaa ndogo ya mbio ya watu wawili, Austin-Healey Sprite, iliyobuniwa na Donald Healey kwa ajili ya kijana mwenye kipato cha kadiri. Mwaka 1959 ikageuzwa ubavu ikawekwa katika Mini, na mwaka 1961 ikaingia katika MG Midget. Injini za jamii hiyo ziliendelea kutengenezwa hata mwaka 2000. Katika Afrika Mashariki Morris Minor ndiyo iliyozoeleka kuliko ndugu zake. Ilikuwa motokaa ya mwalimu, ya karani, ya padri na ya daktari. Sprite na Midget zilikuwa za wapenda mbio, nazo zilikuwa chache. Lakini fundi aliyeijua moja alizijua zote, kwa kuwa moyo wao ni mmoja, na ugonjwa wao ni mmoja.

Injini hii haikuyaacha maji yajiendee. Ilikuwa na pampu izungushwayo kwa mkanda wa feni, na kizibo cha rejeta chenye springi kilichoyabana maji ili yasichemke upesi. Kila paundi moja ya kubana katika inchi ya mraba huongeza kiasi cha digrii moja na nusu katika kipimo cha kuchemka. Mbele ya kichwa cha injini palikuwa na thamostati, kilango kinachojifunga maji yakiwa baridi na kujifungua yakipata moto. Kilango kikifungwa, maji hayaendi katika rejeta. Hapo ndipo ulipotokea mpira mfupi. Watengenezaji walitaka maji yaendelee kuzunguka ndani ya injini hata kilango kikiwa kimefungwa, ili joto lienee sawasawa. Wakatoa tundu chini ya kichwa cha injini na tundu jingine juu ya pampu, wakayaunganisha kwa kipande cha mpira cha sentimita chache, kilichobanwa kwa klipu mbili.

Kiwandani kazi hiyo ilikuwa rahisi. Mpira uliwekwa injini ikiwa bado juu ya meza, kabla ya feni, kabla ya rejeta, na kabla ya kuingizwa katika motokaa. Shida iliachiwa mtu wa baadaye. Mpira huo hukaa nyuma ya feni, juu yake pana chuma cha kichwa cha injini, chini yake pana pampu, na mabomba yake mawili hutazamana kwa karibu sana hata mpira ulionyooka hauwezi kupita kati yao bila kukunjwa. Katika Sprite ya kwanza fundi alikuwa na nafuu, maana boneti na mabawa yake yote huinuka pamoja kama kifuniko cha kasha, na injini hubaki wazi. Katika Mini taabu ilizidi; rejeta imewekwa ubavuni, na mpira umebanwa kati ya injini na rejeta mahali ambapo hata mwanga wa tochi huingia kwa shida.

Vitabu vya kiwandani vilielekeza njia ya adabu: kumwaga maji, kutoa rejeta, kulegeza mkanda, kutoa feni, kufungua pampu, kisha kuuweka mpira na kurudisha kila kitu mahali pake. Ni kazi ya nusu siku au zaidi, nayo hudai gasketi mpya ya pampu. Mafundi walipata njia ya pili, na baadaye wauzaji wa spea wakaikubali kwa kuuza mpira wenye mikunjo kama ya kinanda cha mkono, uwezao kufinywa ukawa mfupi. Kwa njia hiyo mpira wa zamani hukatwa kwa kisu na kutolewa vipande vipande. Midomo ya mabomba hukwanguliwa kutu mpaka chuma king'are, kwa sababu kutu iliyoachwa ndiyo mlango wa uvujaji. Klipu mbili hutangulizwa juu ya mpira mpya zikiwa zimelegea, na misumari yake imeelekezwa upande ambao bisibisi itafika; fundi asiyelifikiri hilo mapema hulijua akiwa amechelewa. Mpira hulowekwa maji ya sabuni, hufinywa, huingizwa mdomo wa chini kwanza, kisha huachwa ujinyooshe katika mdomo wa juu. Mwisho klipu hukazwa kwa kiasi. Zikikazwa kupita kiasi, mpira hukatika palepale zilipobana.

Kufaulu kwa kazi hiyo hakukuonekana kwa mwenye motokaa. Aliona tu kwamba mchana mzima umepita, na kwamba alichonunua ni kipande cha mpira cha bei ndogo. Mara nyingi ndipo palipozuka ubishi wa malipo. Mwenye motokaa alipima bei ya kitu, na fundi alipima bei ya kukifikia. Ubishi huo haukuwa mdogo, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na swali la thamani ya ujuzi ambao matokeo yake ni kutotokea kwa jambo lolote.

Jambo lililoepushwa lilikuwa kubwa. Mpira ukitoboka, maji hutoka kwanza kwa mvuke mwembamba unaotapanywa na feni juu ya injini, na kwa hiyo haionekani yatokako. Morris Minor ya kawaida haikuwa na saa ya joto. Dereva alitegemea pua yake na sauti ya injini. Sprite ilikuwa nayo, lakini saa hiyo yaweza kudanganya. Maji yakiisha, kipimo hubaki katika hewa, na mkono wa saa hushuka wakati injini inazidi kuungua. Dereva mgeni hufurahi akidhani injini imepoa. Baada ya kilomita chache kichwa cha injini hupinda, gasketi huungua, na motokaa iliyokosa mpira wa bei ndogo hudai injini nzima.

Katika nchi za joto ilienea desturi ya kuing'oa thamostati na kuitupa. Wako waliowacheka mafundi kwa desturi hiyo wakisema ni ujinga. Hukumu hiyo ni ya haraka. Kilango kilichokwama kimefungwa huiua injini upesi kuliko kilango kisichokuwapo, na fundi asiyeweza kupata kipya alichagua hatari iliyo ndogo. Hata hivyo si kila aliyeing'oa alikuwa na hoja sawa. Thamostati ikitolewa na mpira mfupi ukaachwa wazi, sehemu ya maji ya moto hurudi katika pampu bila kupita katika rejeta, na faida iliyotafutwa hupungua. Aliyeelewa mzunguko wote aliziba na njia hiyo pia. Motokaa iliyokaa uwandani, Himo au Kahe, iliweza kuishi hivyo. Ile iliyolala Marangu au Machame katika baridi ya Juni na Julai ilichelewa kupata moto kila asubuhi, ikala petroli nyingi, na injini ikachakaa kwa ubaridi. Kwa hiyo jibu moja halikufaa motokaa zote za wilaya moja. Fundi mwema aliuliza kwanza motokaa inalala wapi. Na yafaa kukumbuka kwamba watengenezaji wenyewe, katika baadhi ya injini za mwisho za jamii ya A-Series, waliuondoa mpira huo kabisa.

Mpira una historia yake katika nchi hii. Goodyear, Mmarekani, alipata hati ya kuupika mpira kwa kiberiti mwaka 1844, na tangu hapo utomvu wa mti ukaweza kustahimili joto na baridi. Wajerumani walipanda miti ya mpira katika mashamba ya Tanga na Muheza, kando ya reli ileile iliyopanda mpaka Moshi. Mwaka 1913 bei ya mpira ilianguka kwa wingi wa mpira uliotoka mashamba ya Asia, na mashamba mengi yakaachwa au yakageuzwa ya katani. Hivyo nchi iliyowahi kutoa utomvu ilikuja kununua ng'ambo kipande cha mpira cha urefu wa kidole. Mpira wa asili nao una adui wawili ndani ya injini, yaani joto na mafuta. Mipira ya kemikali iliyovumbuliwa kuanzia miaka ya 1930 ilistahimili zaidi, lakini haikuuondoa uchakavu. Mpira wa maji huzeeka hata motokaa ikiwa imesimama.

Mtihani mkubwa wa mafundi ulikuja katika miaka ya 1970. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara kubwa ya nje iliingia mikononi mwa umma, na baadaye uagizaji wa motokaa ukawekwa chini ya shirika la serikali. Fedha za kigeni zilikuwa chache, na zilitangulizwa kwa mambo yaliyoonekana makubwa zaidi. Mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Kwa mji ulio mbali na mpaka pengine jambo hilo lilikuwa habari ya gazetini. Kwa Moshi lilikuwa kukatika kwa njia ya kila siku. Taveta ilikuwa karibu kuliko miji mingi ya Tanzania, na maduka ya spea ya Nairobi yalikuwa mwendo wa siku moja. Mwaka 1978 vikaanza vita vya Kagera, na mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda duniani. Mpaka haukufunguliwa tena hata mwaka 1983.

Katika miaka hiyo sita na zaidi Morris Minor zilizokuwa zimezeeka ziliendelea kutembea, na swali la mpira mfupi likawa swali la maarifa matupu. Fundi alikata kipande cha mpira wa maji wa lori kilichokaribiana kwa upana. Akikikosa, alitumia tyubu ya gurudumu, akiizungusha tabaka juu ya tabaka na kuifunga kwa waya. Lakini mpira wa tyubu hauna nguo ndani yake, na maji yaliyobanwa huuvimbisha mpaka upasuke. Ilimpasa fundi achague. Aliweza kutia kitambaa imara kati ya matabaka na kuomba kishike. Au aliweza kukilegeza kizibo cha rejeta ili maji yasibanwe. Kwa njia ya pili kiraka kilidumu, ila maji yalirudi kuchemka kwa kipimo cha nchi: digrii 97 mjini, 94 kando ya msitu. Motokaa hiyo iliweza kuzunguka Moshi mjini mwaka mzima, na isingeweza kumpeleka mgonjwa kutoka bondeni mpaka Marangu bila kusimama njiani mara kadha. Wala lango la msitu halikuwa jambo la watalii peke yao. Katika barabara hiyo palikuwa na shule, hospitali za misheni, ghala za kahawa na nyumba za watu.

Yaonekana hapo kwamba kazi ya fundi haikuwa kutengeneza tu. Alipochagua kiraka alichagua pia mahali ambapo motokaa itaweza kufika, na kwa hiyo watu ambao itawafaa. Uchaguzi huo haukuandikwa katika daftari lolote la serikali. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao walizokuwa nazo nje, na spea zikaanza kuonekana tena madukani. Hapo nyingi za motokaa zile ndogo zilikuwa zimekwisha kuwekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Zilizofuata zilitoka Japani, na miaka iliyopita ikaleta maelfu ya motokaa zilizotumika, ambazo mipira yake ni mingine na maficho yake ni mengine.

Umaarufu ulikwenda kwingine. Mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yalianzishwa mashindano ya motokaa ya Afrika Mashariki yaliyokuja kuitwa Safari. Kwa miaka mingi njia yake ilipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Inafundisha kuona kwamba mwaka 1954, 1957 na 1962 ushindi ulikwenda kwa Volkswagen, motokaa ambayo injini yake hupozwa kwa upepo na haina rejeta wala mpira wa maji hata mmoja. Mwaka 1965 Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho na kuijua kazi ya fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda kwa Peugeot 404. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa motokaa ya mbio ya Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa aina hiyohiyo. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo pia mashindano ya motokaa za zamani, ambayo katika miaka kadha yaliingia kaskazini mwa Tanzania. Majina ya madereva hao yamehifadhiwa, na ni haki yao. Majina ya waliolala chini ya motokaa zao usiku, wakipapasa klipu kwa vidole vilivyoungua, aghalabu hayamo katika orodha za washindi.

Siku hizi mwenye Sprite au Midget anaweza kuagiza mpira mfupi kutoka ng'ambo, nao humfikia katika bahasha. Motokaa hizo zimepanda thamani, na wako wanaozitafuta kwa bidii. Lakini katika bahasha hiyo hamna maarifa ya kugeuza klipu kabla ya kuingiza mpira, wala ya kukwangua kutu mpaka chuma king'are, wala ya kuuliza motokaa inalala wapi kabla ya kugusa thamostati. Maarifa hayo yaliishi katika mikono, yalifundishwa kwa kijana aliyeshika taa, na wengi wa walioyajua wamezeeka au wamefariki. Wanahistoria wameandika juu ya chama cha kahawa, juu ya reli na juu ya mifongo, na wamefanya vema. Gereji za Moshi zinastahili kuandikwa vilevile, maana zilifanya kwa motokaa kazi ambayo wenye mfongo waliifanya kwa vihamba: walipanda mpaka mahali padogo pasipoonekana, wakapaziba, ili waliokaa chini wapate maji bila kujua kwamba yalitaka kukatika.

Fundi mzee aliyepo leo aweza bado kuulizwa. Kesho hatakuwapo, na mpira utakaopasuka siku hiyo utabadilishwa na mtu atakayeanza tena kujifunza tangu mwanzo.